Shukrani Mbele ya Aliyefiwa

Simu iliita alasiri. Mama alikuwa kibarazani kwetu Sofu akichagua mchele, ungo mapajani. Mdogo wangu hakusema mengi: kazi imekwisha, yuko Singida, anarudi. Mama akaweka ungo chini, akaelekea kibla, akasujudu palepale mkekani. Alipoinua uso, chenga mbili za mchele zilikuwa zimemganda kwenye kipaji.

Ilikuwa Desemba 2023. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara iliyolowa mvua ilimeguka, tope likashuka na mawe na magogo hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mdogo wangu, kijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, alikwenda kusaidia kufukua. Mama akabaki na nadhiri: mtoto akirudi mzima, anachinja mbuzi.

Akarudi. Alishuka Maili Moja, bodaboda ikamleta hadi mlangoni, na baada ya shikamoo neno lake la kwanza likawa, "Mama, mbuzi muache. Kule kuna mama aliomba kama wewe. Wa kwake tulimtoa amekufa."

Tangu siku ile napima kila shukrani kwa maneno hayo.

Sijda ya shukrani inayapita salama, maana haihitaji hadhira. Sahaba Kaab bin Malik, aliyesuswa siku 50 kwa kubaki nyuma safari ya Tabuki, alisujudu aliposikia amesamehewa, kisha akavua nguo zake mbili akampa aliyemletea habari. Imamu Malik anasimuliwa kutoipenda sijda hii. Sisi wa pwani, watu wa Shafii, tunaiona sunna. Ni ya dakika moja, kati ya mja na Mola wake, na aliyefiwa hahitaji kuiona.

Nadhiri ina uzito mwingine. Mtume hakuipenda: alieleza kwamba haileti jambo wala hailizuii, ila humtoa bakhili alichokibania. Lakini ukishaiweka, na ni ya kheri, lazima uitimize. Ndivyo mama alivyomjibu mwanawe: "Deni la Mungu halifutwi na huruma, mwanangu." Biblia nayo inaijua hatari ya nadhiri. Hana aliahidi mtoto, akamtoa Samweli hekaluni. Yeftha aliahidi chochote kitakachotoka mlangoni kumlaki akirudi vitani, akatoka binti yake wa pekee. Kila nikisoma habari ya Yeftha nawafikiria wote wanaosubiri mtu mlangoni.

Jirani yetu ni Mlutheri. Mwanawe aliendesha lori la misaada hadi Katesh, na Jumapili kijana huyo aliporudi, mama yake alisimama kanisani kutoa ushuhuda, bahasha ya sadaka ya shukrani mkononi. Ushuhuda una haki yake: kati ya wakoma kumi wa Injili ya Luka, aliyerudi kushukuru kwa sauti kubwa ndiye aliyesifiwa. Lakini hapa ndipo maneno ya mdogo wangu yanapochoma zaidi. Ukisema mbele ya watu kwamba Mungu amemlinda mwanao, aliyefiwa kwenye benchi la nyuma anasikia pia kile ambacho hukukisema. Jirani alilijua hilo. Kabla ya kushuhudia aliomba kanisa lisimame kimya kwa ajili ya Katesh. Naamini kimya kile kilikuwa sehemu ya ushuhuda wake.

Mdogo wangu alikuja na kitu cha nne. Wairaqw, ambao ni wengi huko Manyara, wana slufay: mwisho wa kikao mzee mmoja hutamka baraka na maombi, na waliokaa humwitikia. Jioni ya mwisho ya mdogo wangu huko, mzee aliwaombea vijana hivyo. Yeye hakuelewa neno, lakini aliitikia na wenzake, wafiwa na waokoaji kwa sauti moja. Nikiombwa kuchagua, naichagua hiyo. Hapo hakuna anayeshukuru peke yake mbele ya mwenye msiba, kwa kuwa mwenye msiba naye anaitikia.

Mbuzi alichinjwa. Ila kwa Shafii mwenye nadhiri haonji nyama yake, na mama hakuonja. Yote iligawiwa kwa maskini wa mtaa, na mwalimu wa madrasa akaombwa aanze dua na marehemu wa Katesh.

Asubuhi yake nilimkuta mama uani anakwangua mabuti ya mdogo wangu kwa kijiti. Tope lilikuwa limekauka hadi ndani ya kamba.

"Hili nilitupe wapi?" aliuliza.

"Lilikuwa ndani ya nyumba za watu," alisema mdogo wangu.

Mama alichimba kishimo chini ya mwembe, akalikung'uta humo lote, akalifukia, akasoma Fatiha.