Sheria ya ugaidi na watetezi wa wanyama: Mpaka uko wapi?

MKAZI wa Musoma, Bunda au Butiama anayepinga barabara ya lami kukatiza hifadhi, au anayekemea kupigwa kwa punda sokoni, hatendi kosa lolote. Hata hivyo, tangu mwaka 2002 Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Ugaidi, Namba 21 ya mwaka huo, ambayo maneno yake ni mapana kiasi cha kuwafanya wanaharakati wa kila aina wajiulize utetezi unaishia wapi na jinai inaanzia wapi.

Sheria hiyo ilitungwa miaka minne baada ya balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi kulipuliwa kwa mabomu Agosti 7, 1998. Msukumo zaidi ulitokana na mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ambapo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zote kuchukua hatua dhidi ya ugaidi na fedha zinazoufadhili.

Sheria inasema nini

Kwa mujibu wa kifungu cha 4, ugaidi si kuua au kujeruhi tu. Uharibifu mkubwa wa mali nao unaweza kuhesabiwa, iwapo umefanywa kwa nia ya kuwatisha wananchi au kuishurutisha Serikali ifanye au iache kufanya jambo fulani.

Lakini kifungu hicho hicho kina kinga. Kitendo kinachovuruga huduma, kikiwa kimefanywa katika maandamano au mgomo, hakihesabiwi kuwa ugaidi mradi hakikukusudiwa kudhuru watu, kuharibu mali kwa kiwango kikubwa wala kuhatarisha maisha au afya ya umma. Kwa lugha nyepesi, wanaokaa barabarani na mabango wako upande mmoja wa mstari. Wanaochoma mitambo ya mkandarasi wanaweza kujikuta upande wa pili.

Mfano wa Marekani

Marekani ndiko uhusiano wa sheria hizi na utetezi wa wanyama ulikojitokeza waziwazi. Sheria ya mwaka 1992 ya kulinda biashara zinazotumia wanyama ilitumika Machi 2006 kuwatia hatiani wanaharakati sita na kikundi chao, waliokuwa wakiishinikiza maabara ya Huntingdon Life Sciences iliyofanya majaribio kwa wanyama. Walihukumiwa vifungo vya kati ya mwaka mmoja na miaka sita. Novemba 2006 sheria hiyo ilipanuliwa na kupewa jina lenye neno “ugaidi”. Wakosoaji walisema jina hilo pekee linatosha kuwatisha hata wanaotaka kusema kwa amani, ingawa sheria yenyewe inaeleza kwamba haikatazi maandamano halali.

Serengeti: Njia ya mahakama

Mkoani Mara, mgogoro mkubwa wa aina hii ulifuata njia nyingine. Serikali ilipanga kujenga barabara ya kuunganisha Musoma na Arusha kupitia Makutano, Butiama, Natta, Mugumu na Loliondo, huku kilometa 53 zikipita kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwenye mapito ya nyumbu zaidi ya milioni moja wanaohama kila mwaka. Kwa wakazi wengi wa mkoa huo, barabara ilimaanisha soko, hospitali na nauli nafuu. Kwa watetezi wa wanyama, ilimaanisha magari kugonga wanyama na uhamaji kukatika.

Desemba 2010, shirika la ustawi wa wanyama la ANAW lenye makao Nairobi liliishitaki Serikali ya Tanzania katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Juni 2011 Serikali ilieleza kuwa sehemu iliyo ndani ya hifadhi ingebaki ya changarawe. Juni 20, 2014 mahakama ilizuia ujenzi wa barabara ya lami kukatiza hifadhi hiyo, ikisema ungekiuka Mkataba wa Jumuiya. Serikali ilikata rufaa, lakini uamuzi wa Julai 2015 haukuifungulia njia barabara hiyo ya lami. Shauri zima lilikuwa la madai: hoja zilijibiwa kwa hoja, wala hapakuwa na mtuhumiwa kizimbani.

Hatari iko kwenye dhamana

Wanasheria wanaoikosoa sheria ya ugaidi hutazama zaidi kipindi cha kabla ya hukumu. Shitaka la ugaidi halina dhamana. Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ilikiacha hai kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinachonyima dhamana kwa makosa ya namna hiyo. Mwenyekiti wa Chadema wa wakati huo, Freeman Mbowe, alikamatwa Mwanza Julai 2021 na kushitakiwa kwa ugaidi. Alikaa mahabusu zaidi ya miezi saba hadi shitaka lilipoondolewa Machi 4, 2022.

Nchini Kenya, asasi za haki za binadamu za Muhuri na Haki Africa za Mombasa zilifungiwa akaunti Aprili 2015 kwa tuhuma za kuhusishwa na ugaidi, na Mahakama Kuu ikaamuru zifunguliwe Novemba mwaka huo. Asasi ya wanyama inayotegemea wafadhili haiwezi kulipa mishahara wala kuendesha kesi ikiwa akaunti imefungwa kwa miezi.

Mambo ya kuzingatia

Anayetaka kutetea wanyama anazo njia zilizo wazi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inakataza ukatili kwa mifugo na wanyama wengine, hivyo malalamiko yanaweza kupelekwa kwa mamlaka. Asasi inapaswa kusajiliwa na kutunza hesabu za fedha zake. Wanaotaka kuandamana wanatakiwa kulitaarifu Jeshi la Polisi saa 48 kabla.

Wazee wa Butiama wanaikumbuka Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, iliyotumika chini ya utawala wa mwana wa kijiji chao, Mwalimu Julius Nyerere, ambayo Tume ya Nyalali iliiweka miaka 30 baadaye katika orodha ya sheria 40 mbaya. Nayo ilitetewa kwa hoja ya usalama wa taifa.