Sugu

Mkulima ana sugu kiganjani, ngozi iliyokomazwa na mpini wa jembe. Neno likahamia hospitalini: kifua kikuu sugu, kile ambacho dawa za rifampisini na isoniazidi haziwezi kukitibu. Usugu huo ni wa bakteria. Tukimwita mtoto anayeugua kifua kikuu hicho "mtoto sugu" tunamfanya mkaidi aliyekataa dawa, na hilo ni kumwonea. Wengi wa watoto hao hawajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha kifua kikuu. Wamevuta hewa ya chumba wanamolala na mkubwa anayekohoa bakteria ambao tayari ni sugu. Mtoto mdogo hatoi makohozi kwa urahisi, ndiyo maana siku hizi hata kinyesi hupimwa ili kuugundua ugonjwa. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa ya bedakwilini kwa watoto wa umri wote, bila zile sindano za zamani zilizowatia wengine uziwi.