Vifaru vya Kongwa na Mashine Zetu

Ndugu zetu Wanatumbe, mlioko nyumbani na mlioko Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Maskat,

Kila mwaka tunapokaa kuchanga, swali la kwanza huwa ni lile lile: safari hii tununue nini? Kijiji chetu kinaishi kwa bahari na soko la samaki, kwa hiyo haipiti muda mashine haijatajwa. Kabla hatujatia mkono mfukoni, tukumbushane kisa kimoja cha bara. Ni kisa cha watu waliokuwa na fedha nyingi kuliko sisi, wakanunua mashine nyingi, na bado wakashindwa.

Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na watu walipewa kwa mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, alitoa wazo la kulima njugu nyasa, au karanga kama wasemavyo wenzetu wa bara, katika mapori ya Tanganyika. Serikali ya Uingereza ikalikubali. Mpango ulikuwa ni kusafisha zaidi ya ekari milioni 3 kwa miaka 6, na kazi ikaanza Kongwa, Dodoma, mwaka 1947.

Ekari kama hizo hazilimwi kwa jembe la mkono. Ilibidi zipatikane mashine, na baada ya vita matrekta mapya yalikuwa adimu. Yakanunuliwa yaliyoachwa na majeshi, mengine kutoka Misri, mengine kutoka Ufilipino. Mengi yalifika yakiwa yamechoka. Kampuni ya Vickers-Armstrongs nayo ilichukua vifaru vya Sherman vilivyotoka vitani ikavigeuza matrekta. Mzinga na mnara wake viliondolewa, na mwendo wa minyororo ukabaki. Jina la kampuni na la kifaru yakaunganishwa, chombo kikaitwa Shervick.

Pori la Kongwa lilikuwa zito, lina miiba na mibuyu. Njia mojawapo iliyosaidia ilitoka baharini: mnyororo wa nanga ya meli ulifungwa kati ya matingatinga mawili, yakaenda sambamba yakiuburura, na vichaka vikalala. Mvuvi wa Tumbe angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa, maana inafanana na watu wawili wanaovuta juya.

Lakini chombo cha vita kilicholala muda mrefu hakiamki kwa kubonyeza swichi. Fundi huanza kwa kuizungusha injini taratibu kwa mkono, kwa sababu pistoni hushika kutu na kung'ang'ania. Humwaga mafuta ya zamani, kwani huwa yameingia maji na uchafu, kisha husafisha tangi na mabomba. Hubadilisha oili pamoja na mipira iliyokauka. Halafu huigeukia minyororo. Kila kipande chake kimeshikwa kwa pini, na pini zikilika mnyororo hulegea, hutoka kwenye magurudumu, na chombo cha tani nyingi hukaa pale pale. Kazi hii haina uchawi. Inataka fundi anayejua, zana zake, na vipuri.

Vyote vitatu vilipungua Kongwa. Karakana haikuwa na zana za kutosha. Vipuri vilikosekana, na madereva wengi walipewa usukani kabla hawajafunzwa vya kutosha. Bandari ya Dar es Salaam ilisongamana, na mizigo ilitegemea reli moja tu kwenda bara. Udongo nao wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama tofali, ukala majembe ya chuma. Kabla mwaka 1947 haujamalizika, karibu theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamesimama. Walikusudia ekari 150,000 kwa mwaka wa kwanza; zilizopandwa hazikufika 10,000.

Haki isemwe, mashine hazikuwa sababu peke yake. Mvua za Kongwa ni haba, na ardhi haikuchunguzwa vizuri kabla ya kuanza. Mpango ulifutwa Januari 1951, na hasara ilipita pauni milioni 36. Fedha ya kununua ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Maandalizi ya kutunza ndiyo yaliyoachwa nyuma.

Nasi tujitazame. Nani kati yetu hajaona mashine ya boti imelazwa chini ya mnazi kwa kukosa kipuri kimoja? Ajabu ni kwamba somo hili kwetu si geni. Wazee wetu walipounda dau, hawakuhesabu mbao na misumari peke yake. Walijua kuwa chombo kitataka kalafati, kitataka kupakwa sifa, na kitataka siku za kupandishwa pwani kikarabatiwe. Aliyeshindwa kutunza hakujisifu kuwa ana chombo.

Kwa hiyo ombi letu katika changizo la mwaka huu ni hili. Katika kila shilingi 10 tutakazochanga kwa ajili ya mashine, 2 ziwekwe kando kwa vipuri na matengenezo, na zisiguswe kwa jambo jengine. Tukinunua, tununue za aina moja, ili kipuri cha hii kiifae na ile. Na tuwalipie vijana wetu wakajifunze ufundi katika kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji, warudi watuhudumie hapa hapa.

Ukichangia mashine, utapigiwa makofi siku ya kukabidhi. Ukichangia kipuri na fundi, huenda hutapigiwa makofi na mtu, lakini mashine itaunguruma mwaka wa tano. Tunaomba mchango wako kwa vyote viwili.