Tarehe ya Nyumba ya Eldoret na Jamaa Zake

Habari hizi naziandika kwa ajili ya ubishi. Vijana wetu wanaosomea kompyuta Nairobi wakirudi hapa Mbooni, Makueni, likizo husema kwamba programu huria Kenya ilizaliwa mwaka 2008 na Ushahidi, ile programu ya ramani, na kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Sivyo. Mzaliwa wa kwanza ni nyumba ya Eldoret, yaani OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa, na nasaba yake nitaieleza hapa pamoja na sheria iliyojiwekea.

Naanza na sheria, na mfano wake ni ardhi yetu. Wazee husema sisi Wakamba tulitoka kandokando ya Kilimanjaro, tukapita Chyulu na Nzaui, tukapanda vilima vya Mbooni, na kutoka hapa watu wakatawanyika: wengine Iveti, wengine Kilungu, wengine wakavuka Athi wakaingia Kitui. Sheria ya ardhi waliyokuwa nayo Penwill aliiandika katika kitabu cha mwaka 1951. Ng'undu ni shamba la aliyelifyeka kwanza, na watoto wake hulirithi. Kisesi ni malisho mtu aliyojitengea. Akihama akayaacha, hurudi kwa wote. Weu ni nyika isiyo na mwenyewe, kila mtu alilisha humo bila kuulizwa. Weu ulikuwa neema, lakini hapakuwa na neno lililomzuia mtu kukata kipande na kukigeuza ng'undu yake. Kila kizazi kilikata. Leo ukitafuta weu Mbooni utakuta hatimiliki na ua.

Katika programu huria, leseni za ruhusa ndizo weu. BSD ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, MIT, na Apache toleo la 2.0 la mwaka 2004, zote zinasema karibu jambo moja: chukua msimbo, ubadilishe, uuze, uufunge ukitaka, bora usifute jina letu. Upande wa pili yuko Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983 na kutoa leseni ya GPL mwaka 1989. Huyu aliweka sharti ambalo wenye kazi huliita kopilefti: ukiwagawia watu programu uliyoibadilisha, uwape na msimbo wake, nao wawe na haki zile zile ulizopewa wewe. Mwaka 2007 ikaja leseni ya Affero toleo la 3, ikaziba mwanya uliobaki, kwa kuwa kampuni zilikuwa zikiiweka programu kwenye seva zao, watu wakaitumia kupitia intaneti, na msimbo usigawiwe mtu. Mozilla 2.0 ya mwaka 2012 imesimama katikati: sharti lake hushika faili moja moja. Zote zinategemea hakimiliki, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za fasihi. Asiye na hakimiliki hawezi kuweka sharti lolote.

Sasa nyumba ya Eldoret. Mwanzo wake ni kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, ambako mwaka 2001 Joseph Rotich wa Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na Terry Hannan na William Tierney, waliweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta kwa kutumia Microsoft Access. Ilifanya kazi. Kisha AMPATH, ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ikaanza kutibu wagonjwa wa UKIMWI kwa wingi, na Access ikaelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indianapolis, walifika Eldoret, wakaona kuna haja ya kujenga upya tangu msingi. Hamish Fraser wa Partners In Health akajiunga, na Chris Seebregts wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini. Mwaka 2006 OpenMRS ikaanza kutumika Eldoret, na mwaka huo huo ikaingia Rwanda.

Ajabu yake imo katika kamusi ya dhana. Katika programu nyingi za zamani, daktari akitaka swali jipya kwenye fomu, tuseme aina nyingine ya kipimo, ilibidi mtaalamu avunje jedwali la data na kulijenga tena. Katika OpenMRS kila swali na kila jibu ni dhana iliyoandikwa kwenye kamusi. Swali jipya huongezwa kama neno jipya, na jedwali halivunjwi. Ndiyo maana programu iliyozaliwa kwa ajili ya UKIMWI iliweza kubeba kifua kikuu na magonjwa mengine, na mwaka 2012 ikazaa KenyaEMR, iliyojengwa na shirika la I-TECH pamoja na NASCOP, mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI, kwa fomu za hapa kwetu.

Na sheria yake? Hapo mwanzo ilikuwa na leseni yake yenyewe iliyofuata ile ya Mozilla, na baadaye ikahamia Mozilla 2.0 yenyewe, pamoja na onyo kuhusu matumizi ya tiba. Fungua faili ya msimbo wa kiini chake: juu kabisa, kabla ya amri ya kwanza, utaona maneno ya leseni hiyo. Maana yake ni kwamba mkandarasi akirekebisha faili ya kiini kisha akaigawa, marekebisho yake hayawezi kuwa siri, kwa hiyo zahanati iliyo mbali huweza kufaidika na kazi iliyolipiwa na wengine. Moduli aliyoiandika mwenyewe kwenye faili zake ana hiari nayo. Mimi ningependa sharti kali zaidi ya hilo, lakini kiini kimelindwa.

Ushahidi ilifuata Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, mikononi mwa Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Ilichora ramani ya maafa ya Haiti mwaka 2010, na leseni yake ikatoka LGPL, ambayo ni kopilefti iliyolegezwa, ikaenda Affero. Heshima yao iko palepale. Uzazi wa kwanza si wao.

Jamaa wa weu nao ni hawa. Open Data Kit, programu ya kukusanyia data kwa simu, ilizaliwa Seattle mwaka 2008 chini ya Apache. Formhub, ya kazi hiyo hiyo, ilitoka Chuo Kikuu cha Columbia chini ya BSD. Ona ya Nairobi iliirithi Formhub ikabaki na BSD. KoboToolbox, ambayo mizizi yake ni utafiti wa kaskazini mwa Uganda, iliirithi pia, na sehemu zake mpya ikaziweka chini ya Affero. DHIS2 ya Oslo, mfumo wa takwimu za afya, ni BSD, ilienea Kenya nzima mwaka 2011, na fomu ya MOH 711 inayojazwa katika zahanati zetu huishia humo.

Hapa sina budi kusimama, kwa sababu kuna mgogoro unaotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili, kazi ya mradi wa Kilinux. Msingi wake, OpenOffice.org, ulikuwa chini ya LGPL. Lakini waliochangia msimbo walikuwa wametakiwa kuishirikisha kampuni ya Sun hakimiliki yao. Oracle ikainunua Sun mwaka 2010, na Juni 2011 ikaitoa OpenOffice.org kwa Wakfu wa Apache, nayo ikageuzwa kuwa chini ya leseni ya ruhusa. Wachangiaji wengi walikuwa wameshajitenga Septemba 2010 na kuanzisha LibreOffice, wakabaki na kopilefti. Tangu hapo LibreOffice huweza kuchukua cha Apache, na Apache haiwezi kuchukua cha LibreOffice mpaka mwandishi wake aruhusu.

Wapo wanaouita msimamo huo wa LibreOffice uchoyo. Nasema hapana. Aliyekupa msimbo wake wote na kukuomba usiwafungie wengine hajakunyima kitu. Na matokeo yanaonekana: LibreOffice hutoa matoleo mapya kila mwaka kwa mpangilio, wakati OpenOffice imekuwa ikijikokota. Watetezi wa leseni za ruhusa husema kampuni hazitagusa kopilefti. Kiini cha Linux kiko chini ya GPL toleo la 2, nacho kimo ndani ya kila simu ya Android inayouzwa katika miji yetu ya Wote na Tawa.

Turudi nyumbani. Mwaka 2019 Kaunti ya Makueni ilifungua tovuti ya mikataba ya umma, iliyojengwa kwa msaada wa Development Gateway, ili mwananchi aone zabuni na mikataba ya kaunti. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini mkataba ulio wazi na programu iliyo wazi ni vitu viwili. Kwa hiyo nawaomba waheshimiwa wa Bunge la Kaunti kule Wote: kabla hamjapitisha fedha za programu nyingine, ya hospitali au ya ushuru wa soko, hakikisheni mkataba unasema hakimiliki ni ya kaunti na leseni ni Affero toleo la 3. Mkandarasi akikataa, mtafuteni mwingine.