Kina cha Maji Mpakani: Sio, Malaba na Nzoia

Kuanzia Ziwa Victoria hadi Mlima Elgon, mpaka wa Uganda na Kenya kwa sehemu kubwa umechorwa kwa maji. Amri ya Uingereza ya mwaka 1926 iliufuata Mto Sio kutoka ziwani, ikapanda na kijito cha Sango mpaka kwenye chanzo chake, kisha ikashuka na Alupe hadi Mto Malaba, na mwisho ikapanda Lwakhakha kuelekea mlimani. Kati ya chanzo cha Sango na kile cha Alupe kinabaki kipande kifupi cha nchi kavu, na hapo ndipo ulipoota mji wa Busia.

Ardhi hiyo ni mgongo usio mrefu, lakini unagawa mvua. Inayonyesha kusini mwake huingia Sio, ikafika Ziwa Victoria na kutoka kupitia mto Nile pale Jinja. Inayonyesha kaskazini hushika Alupe, Malaba na Mpologoma, ikatua Ziwa Kyoga na kukutana huko na Nile ile ile. Maji ya kijiji kimoja huachana mlangoni na kupatana tena ng'ambo ya nusu ya Uganda.

Kabla ya mwaka 1902 hapakuwa na mpaka hapa. Nchi yote hii ilikuwa chini ya Uganda, mpaka mkoa wake wa mashariki ulipohamishiwa himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Waiteso, Wasamia na majirani zao waliishi kingo zote mbili, na mto kwao ulikuwa malisho na kitoweo kabla haujawa alama ya serikali. Wimbi na mtama vililimwa kwenye miinuko, ng'ombe wakashushwa mabondeni wakati wa kiangazi. Mafuriko yenyewe hayakuwa hasara tupu. Maji yakipungua yaliacha tope la rutuba, mafunjo ya kusukia mikeka, na samaki walionaswa kwenye madimbwi. Kamongo, samaki mwenye mapafu, hujizika katika tope linalokauka na kungoja mvua nyingine, na wavuvi wanaomjua humtafuta kwa kutazama tundu dogo la kupumulia kwenye udongo uliopasuka. Mtu wa bondeni alijua pia mto ulifika mti gani mwaka gani, na kichuguu kipi hakijawahi kufunikwa. Kipimo hicho kilikuwa na kasoro moja: kilikufa na mwenye kukumbuka.

Kipimo cha maandishi kilianza ziwani. Tangu 1896 kina cha Ziwa Victoria kimekuwa kikisomwa na kuandikwa, na orodha hiyo ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu za maji barani Afrika. Vituo vya mitoni vilifuata taratibu. Kituo cha aina hiyo ni kitu cha kawaida mno kukitazama: mbao nyembamba zenye alama za mita na sentimita, zimesimikwa ukingoni kwa ngazi, ya chini ikizama ile ya juu yake inasomeka. Msomaji, ambaye kwa kawaida ni mkazi wa jirani, hushuka asubuhi na jioni, hutazama maji yalipokata, na kuandika namba daftarini. Kina pekee hakisemi ni maji mengi kiasi gani yanapita, kwa hiyo wataalamu hupima pia kasi na upana wa mto, wakapata uhusiano wa kina na wingi. Uhusiano huo huharibika kila gharika inapobadilisha sakafu ya mto, na ni lazima upimwe upya. Ni kazi isiyo na sifa, na ndiyo ya kwanza kuachwa bajeti inapopungua.

Mvua za mwishoni mwa 1961 ndizo zilizovunja hesabu zote za awali. Kenya ziliitwa mafuriko ya Uhuru, jina ambalo majirani nao wangeweza kulidai, maana Tanganyika ilijitawala Desemba mwaka huo na Uganda Oktoba ya mwaka uliofuata. Kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda karibu mita mbili na nusu, na halikurudi upesi. Kwa mito inayoingia ziwani jambo hilo lilibadilisha kila kitu, kwa kuwa mto hutoka kwa urahisi pale tu ziwa linapokuwa chini yake. Ziwa likipanda, maji ya mto hupunguza mwendo mdomoni, hurudi nyuma, hutua tope lake na kutanuka mashambani.

Anayetaka kuyaona hayo kwa ukubwa wake hutazama Budalang'i, kusini mwa Kaunti ya Busia, ambako Nzoia humwagikia ziwani. Mto huu hukusanya maji ya milima ya Cherangani na Elgon, kutoka eneo la kilomita za mraba zipatazo 12,900, kisha huyashusha kwenye uwanda ambao karibu hauna mteremko. Mara nyingi gharika huwafikia Wabanyala, wenyeji wa Budalang'i, siku ambayo kwao halijadondoka tone. Kati ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 serikali ilijenga kuta za udongo pande zote mbili za mto, jumla ya zaidi ya kilomita 30. Zilisaidia, na pia zilileta hatari mpya. Tope lililokuwa likisambaa bondeni sasa lilinaswa kati ya kuta, sakafu ya mto ikainuka mwaka baada ya mwaka, mpaka sehemu nyingine mto ukawa unapita juu kuliko mashamba ya pembeni. Ukuta wa aina hiyo ukipasuka, maji yaliyotoka hayana njia ya kurudi. Husimama kwa wiki kadhaa, vyoo vikachanganyika na visima, na malaria na kuhara vikafuata. Kuta zilivunjika 2003, 2008, 2011 na tena 2020, kila mara familia zikihamia shuleni na kwenye sehemu za juu na mifugo waliyoweza kuiokoa. Kulaumu mvua peke yake katika habari hii ni kosa, kwani sehemu ya kina hicho ilijengwa na binadamu.

Upande wa kaskazini, Malaba haina kuta kama hizo. Ikijaa hutambaa kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga ya Tororo, upande wa Uganda, na uharibifu wake hausikiki mbali. Kinachosikika ni Mto Manafwa, ndugu yake katika bonde la Mpologoma. Mapema Machi 2010, mvua zile zile zilizoporomosha mlima huko Bududa ziliijaza Manafwa, ikafunika vijiji vya Butaleja, jirani wa Tororo. Miaka minne baadaye Butaleja iliwekewa ving'ora vya umeme wa jua vinavyolia mto ukifika kina cha hatari. Budalang'i ilichagua njia nyingine: idara ya hali ya hewa ya Kenya ilisaidia kuanzisha redio ya jamii, Bulala FM, na onyo likaanza kutolewa kwa lugha ya wenyeji.

Onyo la mto wa mpakani huhitaji serikali mbili, kwa sababu maji yanayoingia nyumba ya Tororo huenda yalipimwa Kenya, au hayakupimwa popote. Mpango wa Bonde la Nile, ulioanzishwa Februari 1999, uliiweka mito ya Sio, Malaba na Malakisi katika mradi mmoja wa pamoja, na humo ndimo lilimozaliwa wazo la bwawa la Angololo juu ya Malaba, kwa ajili ya kumwagilia, kunywa na kupunguza gharika.

Wakati mipango hiyo ikiendelea, ziwa lilipanda tena. Katikati ya Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya kilele cha 1964, na nyumba za ufukweni kutoka Majanji hadi Port Victoria zikaingiwa na maji. Rekodi hiyo ilidumu miaka minne. Mei 2024 ziwa liliipita.