Historia ya Ruzuku Ndogo Vijijini Tanzania

Ruzuku ndogo ya kijiji ni fedha ambayo serikali au mfuko wa umma huipatia jamii, bila kudai irudishwe, ili kazi moja inayojulikana ifanyike: darasa lipauliwe, kisima kichimbwe, mganga wa zahanati ajengewe nyumba. Si mkopo, kwa kuwa haina marejesho. Wala si bajeti ya kawaida ya wizara, kwa kuwa wanakijiji wenyewe huchagua kazi na mara nyingi hushika fedha. Tanzania imejaribu namna nyingi za ruzuku hii tangu uhuru. Kila namna ilikuja kuziba pengo la ile iliyoitangulia, na maswali mawili yamejirudia katika zote: nani anaamua, na nani ataliendesha jengo likishakamilika.

Miaka ya kujitolea

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na hazina ndogo na mahitaji makubwa vijijini. Chini ya kaulimbiu ya Uhuru na Kazi, watu walitoka na majembe na mapanga kufungua barabara, kufyatua matofali na kuinua kuta za shule na zahanati. Serikali ilijazia vile ambavyo kijiji hakikuweza kuvipata: bati, misumari, saruji, mabomba. Mwaka 1962 ulianzishwa pia mfuko wa udhamini wa maendeleo ya jamii, uliopokea michango na kuvisaidia vijiji vilivyokwisha kuanza kazi kwa nguvu zao.

Hapo ndipo ulipozaliwa mgawanyo wa majukumu ambao umedumu hadi leo. Kijiji hutoa mchanga, mawe, kokoto, maji na nguvu za watu. Mtoa ruzuku hutoa vitu vya dukani na ujira wa fundi. Kwa mgawanyo huo, fedha kidogo iliweza kukamilisha jengo ambalo mkandarasi angelijenga kwa gharama kubwa zaidi.

Kasoro nayo ilionekana mapema. Hamasa ilizidi mpango. Vijiji vilijenga shule bila kuwa na uhakika wa mwalimu, na zahanati bila uhakika wa dawa wala mganga. Serikali ililazimika kudai miradi iingizwe kwanza katika mipango ya wilaya ili majengo yasizidi watumishi waliokuwepo. Agizo hilo lilileta nidhamu, lakini pia lilianza kuuhamisha uamuzi kutoka kijijini.

Mfuko wa mikoa na mipango ya juu

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, maendeleo ya vijijini yaliwekwa mbele katika sera ya nchi. Mwaka huohuo serikali ilianzisha mfuko wa maendeleo wa mikoa, uliotenga fedha kwa miradi midogo kama madaraja, majosho ya ng'ombe, visima na maghala. Lengo lilikuwa kuikwepa foleni ndefu ya wizara, ili mradi mdogo usisubiri miaka kupata idhini ya Dar es Salaam. Hata hivyo, uamuzi wa mwisho ulibaki kwa kamati za maendeleo za wilaya na mkoa. Kijiji kiliomba, ofisi ikachagua.

Mwelekeo huo uliongezeka mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Watumishi na fedha vilipelekwa mikoani, lakini halmashauri za wilaya, zilizokuwa za kuchaguliwa, zilifutwa. Madaraka yalisogea karibu na mwananchi kwa umbali wa barabara tu. Aliyeyashika bado alikuwa mtumishi wa serikali kuu.

Huduma ya maji inaonyesha matokeo yake. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea lengo la kufikisha maji safi kwa watu wote wa vijijini ifikapo 1991. Visima na mabomba vilijengwa kwa wingi kwa msaada wa nje, Sweden ikiwa miongoni mwa wafadhili wakubwa, na maji yalitolewa bure. Pampu ilipoharibika, kijiji kilimsubiri fundi wa wilaya. Fundi alisubiri gari. Gari lilisubiri mafuta. Miradi mingi ilikufa mapema. Sera ya maji ya mwaka 1991 na ile ya 2002 zilibadili mtazamo: watumiaji wachangie, wawe na kamati yao na wawe na mfuko wa matengenezo. Sheria ya mwaka 2019, iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, iliviweka vyombo vya watumia maji katika mfumo rasmi.

Kijiji chapata hadhi ya kisheria

Ruzuku haiwezi kupelekwa mahali pasipo na mtu wa kuipokea kisheria. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 iliweka utaratibu wa kuandikisha vijiji na kuunda halmashauri zake. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliuendeleza msingi huo. Kijiji kilichoandikishwa kikaweza kumiliki mali, kuingia mikataba na kushtaki au kushtakiwa. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake, ukawa chombo chenye mamlaka ya juu katika sera zote za kijiji.

Sheria ilikuwepo, fedha haikuwepo. Halmashauri za wilaya zilirudishwa mwaka 1984 katikati ya uhaba mkubwa, na mageuzi ya uchumi yaliyofuata mwaka 1986 yalibana matumizi ya serikali. Wazazi walirudi kuchangia ada, na wagonjwa kuchangia matibabu. Katika kipindi hicho vijiji vingi vilijenga kadiri vilivyoweza kisha vikaacha, na kuta zisizo na paa zikawa jambo la kawaida hata zikapata jina lake katika lugha ya mipango: maboma.

TASAF na mradi ulioibuliwa na jamii

Mifuko ya jamii ilianza kuenea duniani baada ya Bolivia kuunda wake mwaka 1986 kuwasaidia walioumizwa na mageuzi ya uchumi. Zambia na Malawi zilifuata katika miaka ya 1990. Tanzania ilianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, mwaka 2000, wakati wa Rais Benjamin Mkapa. Awamu ya kwanza iligharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 60. Ilihusu baadhi ya wilaya za Bara pamoja na Unguja na Pemba, na hadi mwaka 2005 ilikuwa imegharimia miradi zaidi ya 1,700. Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 2005 kwa mkopo wa dola milioni 150, ilienea nchi nzima na kugharimia miradi zaidi ya 12,000.

Utaratibu wake ulikuwa na hatua zinazofuatana. Mkutano mkuu wa kijiji, au wa shehia kwa Zanzibar, uliibua mradi baada ya kupima mahitaji. Mtaalamu wa halmashauri alikuja kutazama eneo na kuandaa makisio ya gharama. Wanakijiji walichagua kamati ya usimamizi, wanawake wakiwemo, na kamati ikafungua akaunti benki. Fedha ilikuja kwa awamu, na awamu iliyofuata ilitegemea maelezo ya ile iliyotangulia. Mchango wa kijiji nao ulihesabiwa: tripu za mchanga, matofali yaliyofyatuliwa, siku za kuchimba msingi, vyote vikawekewa thamani ya shilingi. Mapato na matumizi yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji.

Utaratibu huo ulijibu jambo ambalo Waswahili walikwisha kulisema: mali bila daftari huisha bila habari. Mjumbe wa kamati aliyekuwa hajawahi kuingia benki alijifunza kusaini hundi, kulinganisha bei za saruji katika maduka matatu na kuandika kitabu cha stoo. Ujuzi huo ulibaki kijijini hata mradi ulipokwisha. Pia ulimweka mwenyekiti katika nafasi ya kuulizwa hadharani, kwa kuwa kila aliyebeba tofali aliona ana haki ya kujua bati zimenunuliwa ngapi.

Fedha shuleni na katika halmashauri

Wakati huohuo ruzuku ndogo iliingia shuleni. Serikali ilifuta ada ya shule za msingi na kuanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwaka 2002. Kila mwanafunzi alitengewa ruzuku ya dola 10 kwa mwaka, na kamati za shule zilipewa fedha za kujenga madarasa zikishirikiana na wananchi. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takribani milioni 4.4 mwaka 2000 hadi takribani milioni 7.5 mwaka 2005. Hata hivyo, fedha iliyofika shuleni mara nyingi ilikuwa pungufu kuliko iliyoahidiwa, na madarasa yaliongezeka haraka kuliko walimu. Kasoro ya miaka ya kujitolea ilijirudia kwa kiwango kikubwa zaidi. Tangu Januari 2016, chini ya mpango wa elimumsingi bila malipo, ruzuku ya uendeshaji imekuwa ikitumwa na Hazina moja kwa moja katika akaunti ya shule, ili kupunguza vituo ambavyo fedha inaweza kukwama.

Kuanzia mwaka wa fedha 2004/05, halmashauri nazo zilianza kupata ruzuku ya maendeleo kwa masharti. Kila mwaka zilipimwa kwa ubora wa hesabu, mipango na vikao vyake. Iliyofaulu ilipata fedha ya miradi. Iliyoshindwa ilipata fedha ya kujijengea uwezo tu. Mipango yenyewe ilitakiwa kuanzia kijijini kwa njia ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambayo huwataka wanakijiji wataje kwanza walichonacho kabla ya kuorodhesha wanachokosa.

Njia nyingine ilitokea upande wa siasa. Kenya, yenye desturi yake ya harambee, ilitunga sheria ya mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge mwaka 2003 na kuutengea asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Tanzania ilifuata mwaka 2009 kwa sheria ya mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo. Fedha hizi zimesaidia kumalizia maboma mengi. Lakini katika nchi zote mbili zimeibua malalamiko ya aina moja: mbunge, ambaye kazi yake ni kuisimamia serikali, amepewa nafasi ya kugawa fedha ya serikali.

Ruzuku yaingia ndani ya kaya

Miradi ya pamoja haikumfikia kila mtu. Bibi anayelea wajukuu yatima alipata shule jirani lakini hakuwa na sare wala daftari. Mwaka 2010 TASAF ilianza majaribio katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 80 vilihusishwa, na 40 kati yake vilichaguliwa kwa bahati nasibu kuanza. Kila baada ya miezi miwili, kaya iliyochaguliwa na jamii yake ilipata kati ya dola 12 na 36 kulingana na idadi ya watoto na wazee. Masharti yalikuwa watoto wahudhurie shule na kliniki, na wazee wapimwe afya.

Ulinganisho wa vijiji hivyo ulitoa picha iliyo wazi. Kaya zilizopata fedha zilijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, watoto wadogo waliugua siku chache kuliko wa vijiji vingine, na watoto walivaa viatu. Kaya pia zilinunua kuku na mbuzi. Hofu kwamba maskini akipewa fedha ataimaliza kwa ulevi haikuthibitika.

Mwaka 2012 ulizinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao katika miaka michache ulifikia kaya zaidi ya milioni moja. Pamoja na uhawilishaji wa fedha kwa kaya, ulileta ajira za muda katika miezi ya njaa: siku 60 kwa mwaka, kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku katika kipindi cha kwanza, watu wakichimba malambo, kupanda miti na kutengeneza barabara za vijiji vyao. Uhakiki uliofuata uliondoa makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili, zikiwemo za viongozi wa vijiji. Kipindi cha pili kilizinduliwa mwaka 2020.

Mafunzo ya miaka sitini

Historia hii inaonyesha ruzuku ndogo inaboresha maisha kwa njia tatu. Inakamilisha kazi ambayo kijiji kimekwisha kuianza, hivyo shilingi moja ya serikali huongezewa nguvu za watu. Inawafundisha wananchi kuhesabu na kuhoji. Na inapoingia katika kaya, inampa maskini nafasi ya kupanga badala ya kuhangaika siku kwa siku.

Inaonyesha pia mipaka yake. Mchango wa hiari hugeuka kero pale mtendaji anapoutoza kwa nguvu, na mzigo huo humwelemea zaidi asiye nacho. Kijiji chenye viongozi wanaojua kuandika maombi hutangulia kile chenye shida kubwa zaidi. Juu ya yote, ruzuku hujenga lakini haiajiri: mwalimu, mganga, dawa na vipuri vya pampu hutoka katika bajeti ya kila mwaka. Ruzuku ndogo imefanikiwa Tanzania pale mkutano mkuu ulipochagua kweli, hesabu zilipobandikwa ubaoni, na serikali ilipoleta watumishi jengo lilipokamilika. Palipokosekana mojawapo ya hayo, kilichobaki ni boma, au jengo zuri lenye kufuli mlangoni.