Nani Alichora? Michoro Mitakatifu ya Kale na Wajibu wa Ukweli

Picha ya mikono miwili iliyounganishwa katika sala inajulikana kwa waamini wengi, kwani huchapwa kwenye kadi na vitabu vya ibada. Asili yake ni mchoro wa brashi kwenye karatasi ya buluu, kazi ya Mjerumani Albrecht Dürer ya mwaka 1508, unaohifadhiwa katika makumbusho ya Albertina mjini Vienna. Mikono hiyo inahusiana na mtume mmoja katika picha ya altare ambayo Jakob Heller aliiagiza kwa ajili ya kanisa la Wadominikani mjini Frankfurt. Sehemu ya kati ya picha hiyo, iliyomwonyesha Bikira Maria akipalizwa mbinguni na kuvikwa taji, iliteketea kwa moto mjini Munich mwaka 1729. Mchoro ulisalimika.

Ndiyo maana michoro ya aina hii hutunzwa kwa heshima: humwonyesha msanii akilitafakari fumbo kabla ya kulipaka rangi. Hata hivyo, mingi haina sahihi. Ni lazima basi kuuliza ilichorwa na nani.

Jinsi mchoraji anavyotambuliwa

Hatua ya kwanza ni karatasi. Ikiinuliwa kwenye mwanga, karatasi ya kale ya Ulaya huonyesha mistari ya wavu uliotumika kuitengeneza, na mara nyingi alama ya maji ya mtengenezaji. Karatasi isiyo na mistari hiyo ilianza kutengenezwa Ulaya katikati ya karne ya 18. Mchoro uliopo juu yake hauwezi kuwa wa Raffaello, aliyefariki mwaka 1520.

Hatua ya pili ni mkono wenyewe. Leonardo da Vinci alitumia mkono wa kushoto, na mistari yake ya kivuli kwa kawaida huteremka kutoka kushoto kwenda kulia. Tena, msanii anayebuni husahihisha na kurudia. Anayenakili huwa tayari anajua mstari unakoishia.

Hatua ya tatu ni historia ya umiliki. Wakusanyaji wengi walipiga mihuri midogo kwenye michoro yao, na mwaka 1921 Frits Lugt alichapisha kitabu kinachoiorodhesha.

Hakuna ushahidi mmoja unaotosha peke yake. Mwingereza Eric Hebborn alighushi michoro kwa kutumia karatasi za kale halisi, akawadanganya hata wataalamu. Kwa sababu hiyo makumbusho makini hupima maneno yao: “kazi ya”, “inahusishwa na”, “karakana ya”, “mfuasi wa”, “nakala ya”. Kila neno lina kiwango chake cha uhakika.

Mfano wa Padre Resta

Padre Sebastiano Resta (1635–1714), mzaliwa wa Milano na mwanashirika wa Oratorio ya Mtakatifu Filipo Neri mjini Roma, alikuwa mkusanyaji mashuhuri. Aliipanga michoro katika majuzuu ili isimulie historia ya sanaa, akaandika maelezo yake juu ya kila mmoja. Majuzuu hayo aliyatoa kwa watu wenye uwezo, nao wakatoa fedha kwa ajili ya matendo ya huruma. Moja limo katika Maktaba ya Ambrosiana mjini Milano. Mengine aliyapata Giovanni Matteo Marchetti, Askofu wa Arezzo. Baada ya kifo cha Askofu huyo yaliuzwa kwa Lord Somers wa Uingereza, na hatimaye michoro yake ikatawanyika.

Lakini Padre Resta alikuwa mwepesi wa kutaja majina makubwa, hasa Correggio, na wataalamu waliofuata wameyabadilisha mengi kati ya majina hayo. Kazi yake ya huruma inastahili sifa. Hata hivyo, nia njema haiifanyi dhana kuwa ukweli, na anayetoa sadaka ana haki ya kujua anachopokea. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2500–2503) inaiweka sanaa takatifu chini ya Amri ya Nane, pamoja na wajibu wa kusema kweli. Mchoro wa Msulubiwa ukiondolewa jina la msanii maarufu, bei yake hushuka, lakini bado unamwonyesha Kristo yuleyule.

Wajibu wa parokia

Sheria za Kanisa zinadai orodha kamili ya mali za Kanisa, zikiwemo zenye thamani ya kiutamaduni (Kan. 1283). Zinadai pia ruhusa ya Kiti Kitakatifu kabla ya kuuza vitu vya thamani kubwa kwa sababu ya sanaa au historia (Kan. 1292 §2).

Basi, parokia ikikuta michoro ya kale katika sakristia au nyumba ya mapadre, ipigwe picha mbele na nyuma, na maandishi ya nyuma yasifutwe hata kama hayasomeki vizuri. Isibandikwe gundi wala kufunikwa kwa plastiki. Ihifadhiwe mbali na jua, unyevu na wadudu. Asipewe mnunuzi yeyote hata kwa ahadi ya kujenga kanisa, bali ofisi ya Askofu ijulishwe kwanza. Na katika orodha, mahali pa jina la msanii, pasipo ushahidi iandikwe: “Hajulikani.”